Kindi wa Haji na Meza ya Ndege

Juzi mlinisimamisha pale kwenye kitalu chenu cha miche, hapa Kimumu kando ya lami, mkaniuliza: "Mama Wambui, mteja ametaka meza ya ndege kwa bustani yake, na kindi wanamaliza chakula chote. Tufanye nini?" Nilikuwa na mkate mkononi na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mji. Nikawajibu nikitembea: "Wekeni bati." Nikaenda zangu.

Nilipofika nyumbani sikutulia. Jibu lilikuwa la kweli, lakini hilo bati lilinichukua karibu mwaka mzima kulifikia, na njiani nilimuua ndege mmoja na nikakaribia kufanya jambo baya kuliko hilo. Basi nawaandikia. Naandika nikiwa nimesimama, daftari liko juu ya friji, kwa sababu tangu nistaafu magoti yangu yamekataa kuinama na mimi nimekataa kukaa. Mkiona mwandiko umekatika mahali, jueni nimetoka kuangalia kuku.

Kazi ya bustani nimeifanya miaka thelathini na moja, kwa nyumba nne, zote hapa Eldoret. Ya mwisho ndiyo ilikuwa ya Haji, Mungu amrehemu. Haji alikuwa mtu wa malori. Alianza kama turniboi, msaidizi wa dereva, akamaliza na malori yake mwenyewe, yakipeleka bidhaa kaskazini mpaka kwa ndugu zake huko. Sauti yake! Akisimama getini akaita dereva, mbwa wa nyumba ya tatu walikuwa wanaingia uvunguni. Halafu asubuhi moja akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ile sauti ikaondoka kabisa. Aliyerudi kutoka hospitali alikuwa mzee mkimya kwa kiti cha magurudumu, anatazama ukuta.

Mke wake, Mama Hodan, alikuwa mtu wa kujikaza. Alimwosha, alimlisha, alimsomea. Mara mbili kwa wiki alikuja msichana mmoja wa hospitali anayeitwa Sharon, kazi yake ni kufundisha wagonjwa kumeza na kusema tena. Siku moja nikiwa napalilia chini ya dirisha nikamsikia akisema, "Mama, mimi siwezi kumtoa maneno kwa nguvu. Tafuteni kitu kimoja kitakachomfanya atake kusema."

Mama Hodan akafungua dirisha. "Mama Wambui, Haji alikuwa anapenda nini kwa hii bustani?"

Nikafikiria. Haji hakuwahi kuangalia maua hata siku moja. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anarushia ndege makombo ya anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali. Nikamwambia hivyo.

"Basi watengenezee mahali," akasema. "Pale anapoweza kuwaona."

Ndiyo ilianza hivyo. Kibao cha upana wa sinia juu ya nguzo, ukingo mdogo kuzuia mtama usipeperuke, matundu ya kutoa maji ya mvua. Hayo mnayajua. Nikakisimamisha chini ya mparachichi, kwa sababu nilifikiria kivuli. Baada ya siku mbili ndege wakaja: hua, mnana, chiriku wa manjano. Mama Hodan akamsukuma Haji mpaka barazani, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali niliona akigeuza kichwa mwenyewe kufuata kitu.

Siku ya tatu akaja kindi.

Si mnamjua kindi. Mkia kama brashi ya chupa, macho ya mtu anayejua umeacha mlango wazi. Alishuka kwa tawi la parachichi, akakaa katikati ya meza kama mwenyekiti, akala kila kitu. Ndege wakabaki juu ya ua wakilalamika. Nilimrushia kandambili. Akangoja nimalize, akarudi.

Jirani yetu upande wa chini alikuwa na mtunza bustani anayeitwa Mzee Kiprono, ndiye aliyenifundisha kukata waridi nilipokuwa bado mgeni kwa kazi. Mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Alinisikia nikipiga kelele, akachungulia juu ya ua wa miiba wa kayaba.

"Mama Wambui, huyo alitoka wapi?"

"Sijui, nimemwona tu anakula."

"Wewe unaangalia mdomo. Angalia miguu. Amepita wapi mpaka akafika hapo?"

Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na haraka na yeye alikuwa na maswali. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimemjengea kindi mlango chini ya ngazi yake. Nikang'oa nguzo, nikaihamisha katikati ya nyasi, hatua nane kutoka kwa mti. Shikeni hilo: kindi anaruka mbali kuliko unavyodhani, kwa hivyo ukidhani umeweka mbali ongeza hatua mbili. Na muangalie kamba ya nguo. Mimi sikuiangalia. Kesho yake alitembea juu ya kamba, akapita juu ya shuka za Mama Hodan, akaruka mezani. Kamba nikahamisha nyuma ya jikoni. Siku iliyofuata akaja kwa miguu kwenye nyasi, akapanda nguzo yenyewe kama mtu anayepanda ngazi ya benki.

Sasa hapo ndipo akili yangu iliharibika. Sikuweza kula bila kuchungulia dirishani. Nikiwa Kimumu kwangu Jumapili nilikuwa nafikiria yule mnyama yuko wapi.

Nilichukua grisi ya malori. Haji alikuwa na mikebe mingi stoo. Nikapaka nguzo kutoka chini mpaka juu, nene, nikarudi nyuma nikaona kindi anapanda, anateleza, anapanda, anateleza, na nikacheka mpaka nikashika kiuno. Nikaita Mama Hodan aone. Tulicheka sote wawili.

Mchana chiriku mmoja akatua kwenye nguzo, akashika ile grisi. Akajisafisha kwa mdomo kama ndege wanavyofanya, na kila alipojisafisha akawa anaisambaza, kifua, mabawa, macho. Nilimpata kwenye nyasi akipiga bawa moja. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamweka kwa katoni ya viatu karibu na jiko. Kufikia saa kumi alikuwa amekufa. Nilipotoka na ile katoni, Haji alikuwa pale barazani. Alikuwa ameona kila kitu tangu mwanzo, kutoka kicheko changu mpaka katoni. Alifumba macho.

"Pole, Haji," nikamwambia. Hakufungua.

Vijana, mkisikia mtu anawaambia mpake grisi, mafuta, au kitu chochote cha kunata, mwambieni hapana. Msijieleze sana.

Niliosha nguzo na mafuta ya taa na sabuni, siku nzima nikisugua. Halafu nikajaribu pilipili. Hiyo ina ukweli wake: ndege hasikii ukali wa pilipili, anakula kama kawaida, lakini kindi anausikia. Nilisaga pilipili kavu nikachanganya na mtama. Lakini Eldoret mnaijua na upepo wake. Nilikuwa nainua bakuli, upepo ukageuka, unga wote ukanirudia usoni. Nikapiga kelele. Mama Hodan akatoka mbio kunisaidia, akanipangusa na ukingo wa mtandio wake, halafu akajifuta jasho na mtandio ule ule. Tulikaa kwa bomba la bustani tukimwagiana maji kama watoto. Kindi alikuja siku tatu akipiga chafya, siku ya nne akazoea. Na mvua ikinyesha pilipili inaondoka. Kwa hivyo pilipili si kitu cha kutegemea, na ukiitumia simama upande upepo unakotoka.

Ngoja, kuku.

Nimerudi. Sasa sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa kazi yetu. Nilienda mjini nikanunua sumu ya panya. Sikumwuliza Mama Hodan wala Mzee Kiprono. Nilijua wangesema nini. Ilikuwa mwezi wa saba tangu Haji aanguke, hajasema neno, Sharon ameanza kuangalia saa anapokuja, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba ndege ndio dawa yake na kindi ndiye anayemnyima dawa. Mtu akishajiambia hivyo anaweza kufanya chochote.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na jua. Haji alikuwa ameletwa nje kwenye baraza. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya chini, nimevaa glavu, nachanganya ile sumu na njugu ndani ya kifuniko cha mkebe. Sikuona kuna shida kufanya mbele yake. Nilikuwa nimezoea kumfanyia mambo mbele yake kama mtu ambaye hayupo, na hilo pia naliona aibu leo.

Kindi akatokea kwenye nyasi. Alisimama kwa miguu ya nyuma, hatua tano tu kutoka kwangu, akinusa. Harufu ya njugu. Akasogea hatua moja. Nikasukuma kile kifuniko kidogo kwa kidole.

Nyuma yangu nikasikia mkono ukigonga kiti. Mara moja, mara ya pili, nguvu.

"Toka!"

Kindi akaruka juu, akaondoka mbio mpaka kwa mparachichi. Mimi pia nusura niruke. Haikuwa ile sauti ya getini. Ilikuwa imekwaruza, imetoka upande mmoja wa mdomo. Lakini ilikuwa ya Haji.

Mama Hodan akatoka jikoni, mikono imejaa unga mpaka viwiko. "Nani amesema?"

"Haji."

"Haji gani?"

"Haji wako, Mama. Amesema toka."

"Wallahi, Mama Wambui, usinichezee na jambo kama hilo."

Haji akainua ule mkono wa kushoto. "Toka," akasema tena. Lakini safari hii hakuangalia mti. Alikuwa ananiangalia mimi, na kile kifuniko.

Mama Hodan alikaa chini pale pale kwenye saruji akalia, unga mashavuni. Mimi nilikusanya njugu zote, punje kwa punje, nikafunga kwa plastiki mara tatu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimepeleka mjini nikairudisha sumu yote kwa duka nilikoinunua, na njugu zilizochanganywa nikamwachia mwenye duka aziharibu. Sumu haichagui. Ingeua hua, paka wa jirani, mwewe atakayemwokota huyo paka. Hayo niliyajua hata wakati nachanganya. Kujua hakukunizuia, mgonjwa ndiye aliyenizuia. Miezi mingi baadaye, alipoweza kuunganisha maneno, aliniambia, "Yeye alikuwa anakuja kula. Wewe ulikuwa unampikia kifo." Nikasema ni kweli, Haji.

Sharon alipokuja akasikia habari, aliruka. "Huyo kindi asiguswe! Aje kila siku!"

Basi nikapewa amri mpya. Mimi, ambaye nilikuwa nimepigana naye miezi yote hiyo, kila asubuhi namtandikia meza. Haji anakaa barazani, kindi anakuja, Haji anamfokea. "Toka!" Baada ya wiki moja likaongezeka "mwizi." Halafu "mjinga." Halafu maneno mengine ya gereji, ya Kiswahili, ya Kisomali, na moja la Kiganda alilotoa kwa madereva.

"Miezi saba nimeomba Mungu arudishe ulimi wake," Mama Hodan akaniambia, "umerudi na matusi peke yake."

Lakini alikuwa anatabasamu.

Hiyo furaha haikukaa. Kindi akikaribishwa hafiki peke yake. Alileta mke, au mume, sijui, na watoto wawili. Wakanenepa. Hawakushtuka tena Haji akifoka. Walikuwa wanamtazama wakitafuna. Ndege wakaacha kuja kabisa. Asubuhi moja Haji akaangalia meza muda mrefu, akaniuliza, "Ndege... wapi?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Siku hiyo hakufoka. Kesho yake hakufoka. Siku ya tatu alitumia mguu mzuri kusukuma kiti mpaka kikageuka, akaangalia ukuta. Sharon akamletea kadi zake za picha, akamwomba, akamwimbia. Hakuna.

Mama Hodan akanifuata mpaka kwenye stoo. Hakupandisha sauti. "Mama Wambui, rekebisha. Sijui utafanya nini, lakini rekebisha. Nimeshasikia sauti yake sasa. Siwezi kurudi kwa kile kimya."

Jumamosi ile nilikuwa na safari ya Burnt Forest. Niseme ukweli, nilizaliwa huko lakini nilikuwa sipendi kwenda. Tangu mwaka ule mbaya wa fujo za uchaguzi, nyumba ya baba na ghala la mahindi vilipoungua, nilihamia Kimumu na watoto nikajifanya sina kwetu. Kaka yangu ndiye alirudi akajenga upya. Mwaka baada ya mwaka ananiambia njoo uone, nami nasema kazi ni nyingi. Safari hiyo nilienda kwa sababu alikuwa anavuna na hakuwa na mtu.

Alinionyesha nyumba. Kisha akanipeleka nyuma, kwenye ghala jipya. Lilikuwa limesimama juu ya nguzo sita kama la baba, na kila nguzo ilikuwa imevalishwa bati la umbo la faneli, mdomo mpana unaangalia chini. Ya kuzuia panya. Panya anapanda nguzo, anafika ndani ya lile bati, juu kumefungwa, pembeni hapashikiki, anarudi alikotoka. Baba alikuwa anayakunja kwa mikono, na mimi nikiwa msichana ndiye nilikuwa namshikia misumari.

Nilisimama pale nikishika lile bati. Kaka yangu alidhani nalia kwa sababu ya ghala lililoungua. Alikuwa sawa, lakini haikuwa hiyo peke yake. Nilikuwa nimekimbia mahali hapo kwa nguvu nyingi hivi kwamba nikasahau mpaka yale ya maana niliyoyajua.

Jumatatu nilimwendea fundi wa bati, akanikatia duara la upana wa mkono mmoja, akatoa kipande kama unavyokata keki, akalikunja. Nililileta barazani kwa Haji, nikageuza kiti chake.

"Haji, wewe ni mtu wa magari. Nifunge wapi?"

Alilitazama bati. Nikamwona anaanza kufanya hesabu. Uso ule niliujua kutoka zamani, akiangalia chini ya lori. Nikamsukuma mpaka kwenye nyasi. Nikainua bati kwenye nguzo, usawa wa goti.

"Hapana," akasema. "Juu."

Nikapandisha mpaka kiunoni.

"Juu. Anaruka."

Nikapandisha mpaka kifuani. Akatikisa kichwa ndiyo. Akaninyooshea mkono wa kushoto na nikamwekea spana mkononi, na yeye ndiye aliyekaza ile boliti ya chini anayoifikia, pole pole, mara mbili spana ikianguka, mara mbili nikiiokota. Andikeni basi: usawa wa kifua, mdomo mpana chini, tundu la juu libane nguzo bila nafasi, na kingo zikunjwe ndani zisikate mtu.

Kindi mkubwa alikuja kabla hata hatujarudi barazani. Akapanda kwa kujiamini. Akaingia chini ya bati, akapotea. Tukasikia makucha yanakwaruza. Akatoka, akajaribu kuzunguka kwa nje, akaning'inia kwa mkono mmoja kwenye ukingo, akaanguka kwa matako. Haji akacheka. Kicheko kilimtoka kwa upande mmoja kama ile sauti, lakini kilitoka, na hakikuisha haraka.

Kindi hatukumnyima. Nilimwekea sahani yake ya mahindi chini ya mparachichi, mbali, asubuhi tu, na kidogo. Kuna watu watawaambia ukimlisha unamzoesha, na hawajakosea. Mimi nilikuwa na mgonjwa wa kumfikiria. Lakini mezani wekeni mtama na wimbi, sio njugu, chakula cha kuisha kabla ya saa sita, na jioni fagieni chini, la sivyo mtaita panya halafu mje mniulize tena.

Chiriku walirudi siku ya pili. Maneno yakaja nao, na mengine hayakuwa matusi. "Chai." "Hodan." "Magoti yako?" Aliniuliza magoti yangu! Na Ijumaa moja nikiwa nafagia nilimsikia akisoma Alhamdu, anakwama, anarudi nyuma, anaanza tena. Mama Hodan alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni na mwiko mkononi, hathubutu kupumua.

Nitawaambia la mwisho, kwa sababu wahusika hawatanigombeza tena. Asubuhi moja nilifika mapema kuliko kawaida. Sikuwa nimepata usingizi. Mama Hodan alikuwa ameenda kwa jirani. Kiti cha magurudumu kilikuwa barazani, kitupu. Nilizunguka nyumba nikiita, nikaangalia bafuni, nikaangalia getini. Nilipotokea upande wa nyasi nikamwona. Alikuwa nusu ya njia kwenda kwenye meza ya ndege, peke yake, kwa fimbo, mguu wa kulia ukiburuta mstari mweusi kwenye umande. Mfuko wa kanzu ulikuwa umevimba mtama.

Nilikimbia. Akanisikia, hakugeuka.

"Usinishike."

"Haji, utaanguka."

"Usinishike, Mama Wambui. Na Mama Hodan asijue."

Nikasimama hatua mbili nyuma yake, mikono mbele, wazi, kama mtu anayengoja kudaka mtoto. Mguu. Fimbo. Mguu. Nimechimba mitaro, nimeng'oa visiki, nimebeba mawe ya bustani kichwani. Hakuna kazi iliyonitoa jasho kama kusimama pale bila kumgusa. Alifika kwenye nguzo, akaegemeza fimbo, akaikumbatia nguzo chini ya bati kwa mkono mgonjwa, na kwa ule mzima akatoa mtama, konzi kwa konzi, akauweka mezani juu ya kichwa chake bila kuona, mwingi ukimwangukia mabegani. Hua wawili walishuka kabla hajamaliza. Hawakumwogopa.

Akaangalia nyumba. Ilikuwa mbali.

"Sasa," akasema, "njoo unishike."